Samaki Wasiokubali Kuhesabiwa

Mama ye yote anunuaye dagaa kwa ajili ya jamaa yake, awe anakaa kambini Jinja, Entebbe, au katika nyumba za polisi mjini Kampala, amekwisha kuona jambo hili: zikifika siku za mwezi mpevu, dagaa huadimika sokoni na bei ya kopo hupanda. Siku za giza zikirejea, dagaa nao hurejea. Hapo sokoni utasikia maneno mengi. Mmoja atasema dagaa wamehama, mwingine atasema wamekwisha, na wa tatu atawalaumu wachuuzi kwamba wameficha mali. Ukweli ni kwamba dagaa, ambao sisi Uganda tumezoea kuwaita mukene, wamo ziwani vilevile kama walivyokuwamo juma lililotangulia. Wavuvi huwavua usiku kwa kuwavuta kwa mwanga wa taa. Na mwezi uking'aa juu ya maji yote, taa ya mvuvi haina tena nguvu ya kuwakusanya mahali pamoja. Mvuvi mwenye busara hubaki nyumbani akashona nyavu zake.

Tuseme basi kwamba mtaalamu ametumwa kuhesabu dagaa wa Ziwa Victoria kwa kutazama madebe yafikayo mwaloni, naye akafika juma la mwezi mpevu. Ataandika kwamba dagaa wanakaribia kwisha. Mwenziwe akifika siku kumi na nne baadaye, ataandika kwamba wamejaa tele. Wote wawili wamehesabu kwa uaminifu, wala hakuna aliyesema uwongo. Ila kila mmoja amewahesabu wale walioifuata taa tu, akadhani amewahesabu dagaa wote.

Ndugu msomaji, nimeamua kuliandikia jambo hili kwa sababu hesabu ya samaki si mchezo wa wasomi. Ni juu ya hesabu hiyo serikali huamua ukubwa wa macho ya nyavu, urefu wa samaki aruhusiwaye kuvuliwa, na zana zipigwazo marufuku. Mwaka 2017 wanajeshi wetu walipelekwa ziwani kuzuia uvuvi haramu, na baadhi ya wasomaji wa gazeti hili ama walishiriki katika kazi hiyo ama waliwangojea nyumbani wale walioshiriki. Askari aliyeshika rula akampima sangara kama ametimiza sentimita 50 alikuwa akitekeleza sheria iliyozaliwa katika daftari la hesabu. Na mvuvi aliyenyang'anywa wavu wake, naye aliupoteza kwa ajili ya daftari lilo hilo. Yafaa basi sisi sote tujue daftari hilo huandikwa namna gani.

Samaki wa ziwa lenye eneo la kilomita za mraba zipatazo 68,800 hawawezi kuhesabiwa mmoja mmoja. Lazima mtu achukue sehemu ndogo, aipime, kisha akadirie iliyobaki. Mpishi wa maharagwe hufanya hivyo kila siku: huchota kijiko kimoja, akaonja, akajua chumvi ya sufuria nzima. Lakini angalieni, mpishi hukoroga kwanza. Asipokoroga, kijiko chake cha juu kitamwambia habari za juu tu. Ziwa halikorogeki kwa mwiko, na samaki si maharagwe. Wana macho, wana masikio ya namna yao, wana woga na tamaa, na kila mmoja ana mahali apapendapo na saa aipendayo kutembea. Askari watanielewa upesi nikisema hivi: ukitaka kujua idadi ya kikosi kwa kuwahesabu waliosimama katika gwaride la asubuhi, hutawaona walioko lindo, walioko likizo, walioko hospitali, wala yule aliyejificha nyuma ya jiko. Na polisi wanajua kwamba kesi zilizoandikwa kituoni ni zile tu ambazo mtu alipata ujasiri wa kuja kuzieleza.

Katika ziwa letu uchunguzi mkubwa wa kwanza ulifanywa mwaka 1927 na 1928 na Mwingereza aitwaye Michael Graham. Alikuja kwa sababu ngege, samaki mtamu kupita wote kwa ulimi wa wazee wetu, alikuwa akipungua baada ya nyavu za kutega kuletwa ziwani mnamo mwaka 1905. Graham alishauri kwamba nyavu zenye macho madogo kuliko inchi 5 zisitumiwe. Wavu wa namna hiyo hutandazwa majini ukasimama kama ukuta, na samaki hujinasa mwenyewe kwenye matamvua. Mdogo hupenya, mkubwa mno hugonga pua na kurudi, na wa kiasi ndiye akwamaye. Mrusi mmoja, Fedor Baranov, alikwisha kuieleza kanuni hiyo mwaka 1914: kila ukubwa wa jicho una urefu wake wa samaki, na ukiongeza jicho, urefu huo nao huongezeka kwa kadiri ile ile. Ndiyo maana wachunguzi hutandaza nyavu za macho mbalimbali kwa mfululizo, ili kila umri upate mlango wake. Hili ni jambo rahisi, na hesabu yake hurekebishika kwa kalamu.

Ambalo si rahisi ni kwamba wavu uliosimama hungoja samaki autembelee. Samaki atulizanaye chini ya gogo mchana kutwa haukuti. Yule mwenye hamu ya chakula, apitaye huku na huko bila kujali hatari, ndiye wa kwanza kunaswa.

Nilipokuwa nikifundisha darasa la nne, kabla sijaingia katika utumishi wa ofisi, kila nilipouliza swali mikono ilikuwa ile ile mitano au sita. Kama ningalipima akili ya darasa kwa mikono hiyo, ningaliandika kwamba darasa zima ni hodari. Watoto wanyamavu wa benchi la nyuma, ambao baadhi yao walikuwa hodari kuliko wote, wasingaliingia katika hesabu yangu hata siku moja. Mwalimu hujifunza kuwaita kwa majina. Mvuvi hawezi kumwita samaki kwa jina.

Wanyama, nao samaki wamo, wana tabia zinazotofautiana baina ya mmoja na mwingine, na hilo si hadithi. Huko Marekani mtaalamu David Sloan Wilson na wenzake walitangaza mwaka 1993 habari za samaki wadogo wa bwawa. Waliweka mitego, wakawatenga wale walioingia kwa hiari yao. Kisha wakakokota wavu kuwapata wenzao ambao hawakuingia. Walipowapeleka wote katika matangi ya maabara, walioingia mtegoni wenyewe walizoea makao mapya na kuanza kula mapema zaidi. Mtego ulikuwa umewachagua majasiri. Mwaka 2008 Peter Biro na John Post wakaeleza jaribio lililofanywa katika maziwa madogo ya Kanada, ambamo waliwatia trauti wa mbegu mbili: wanaokua upesi, ambao pia ni wajasiri na walaji, na wanaokua polepole, ambao ni waoga zaidi. Nyavu za kutega ziliwanasa wale wa kwanza mara tatu zaidi ya wale wa pili. Fikirini mtu akipima ukuaji wa samaki wa ziwa kwa kutumia wavu wa namna hiyo tu. Ataandika kwamba samaki wa ziwa hili hukua haraka, watavumilia kuvuliwa sana. Kumbe amewapima wale wa mbele, na wale wa nyuma hajawaona. Tena kila mwaka avuapo anawaondoa majasiri na kuwaacha waoga, hata ziwa likiwa na samaki wengi bado, wavu wake utaanza kutoka mtupu.

Turudi katika ziwa letu. Kati ya mwaka 1969 na 1971 meli ya utafiti iitwayo Ibis ilikokota wavu chini ya ziwa, katika maji ya nchi zote tatu. Matokeo yake yamebaki kuwa nguzo ya elimu ya ziwa hili mpaka leo. Iligundulika kwamba zaidi ya asilimia 80 ya uzito wa samaki wakaao karibu na sakafu ya ziwa walikuwa furu, wale wadogo tuwaitao nkejje, ambao akina mama huwakausha na kuwasaga kwa ajili ya uji wa watoto. Ilikuwa kazi kubwa na ya heshima. Lakini wavu wa kukokotwa una mipaka yake. Dagaa waelekeao juu hauwafikii sawasawa, na wadogo hupenya macho yake. Zaidi ya hayo, nahodha mwenye akili timamu hakokoti wavu wa bei kubwa juu ya majabali, maana utapasuka. Kwa hiyo sehemu za mawe zikabaki kuwa nchi isiyokanyagwa.

Katika miaka ya 1980 sangara, aliyepandikizwa ziwani kuanzia miaka ya 1950, akazidi sana, na furu wakatoweka katika nyavu kwa kasi ya kutisha. Wataalamu waliandika kwamba huenda aina zipatazo 200 zimepotea. Msiba huo ulikuwa wa kweli, wala sitaki mtu aseme kwamba niliudharau. Lakini katika miaka ya 1990 mtaalamu Ole Seehausen na wenzake walipoyachunguza majabali kwa makini, hasa upande wa Mwanza, walikuta aina nyingi za furu wa mawe ambazo hazijapata kuandikwa katika kitabu cho chote. Walikuwa katika maficho yao siku zote. Mtu aliyezoea vita ataelewa kwamba adui asiyeonekana uwandani hajafa kwa sababu hiyo peke yake. Na samaki naye, aliye na adui mwenye kinywa kikubwa kama sangara, ana haki ya kukaa penye mwamba.

Sasa wengine watauliza: mbona tusiache nyavu, tukatumia mitambo? Imekwisha kufanyika. Tangu mwaka 1999 wataalamu wa Uganda, Kenya na Tanzania wamekuwa wakilipima ziwa kwa mwangwi, na Shirika la Uvuvi la Ziwa Victoria, lililoanzishwa mwaka 1994 na lenye makao yake Jinja, limeunganisha juhudi za nchi hizo. Chombo hupeleka sauti chini ya maji, sauti ikagonga samaki, hasa kile kibofu cha hewa kilichomo tumboni mwake, ikarudi. Kwa ukubwa wa mwangwi hukadiriwa wingi wa samaki. Ni kazi nzuri. Ziwa zima huvukwa na hakuna samaki auawaye, isipokuwa wachache wavuliwao kuthibitisha ni wa aina gani.

Hata hivyo chombo nacho kina upofu wake, na samaki, bila kukusudia, huingia katika upofu huo. Sehemu ya juu kabisa ya maji hakioni, maana sauti huanzia chini ya chombo na kuelekea chini; na huko juu ndiko dagaa wapandako usiku. Karibu na sakafu mwangwi wa samaki huchanganyika na mwangwi wa udongo, visitenganishwe. Na sangara hupenda kukaa chini. Maji mafupi ya kando, yenye nyasi na mafunjo, mashua ya utafiti haiwezi kuyaingia. Na huko ndiko waliko sato na watoto wengi wa sangara. Tena kuna majira. Mnamo mwezi Juni mpaka Agosti pepo za kusini huyachanganya maji, hewa ya oksijeni ikafika mpaka chini, na samaki wakatawanyika kila kina. Miezi ya joto maji hujipanga kwa tabaka, yale ya chini yakakosa hewa, na sangara, asiyevumilia ukosefu wa hewa, hupanda au husogea pembeni. Samaki ni wale wale, lakini mmoja aliyefichwa na udongo mwezi Agosti anaonekana mwezi Februari. Ukilinganisha hesabu ya mwezi mmoja na hesabu ya mwezi mwingine pasipo kukumbuka hayo, utasema samaki wameongezeka au wamepungua, na huenda hawakufanya lo lote ila kutafuta pumzi.

Katika nchi za baridi yako mambo ya ajabu zaidi. Mwaka 1989 Wanorwe wawili, Engås na Godø, walifunga mifuko ya wavu chini ya wavu wao wa utafiti ili waone nini kinapita hapo. Walikuta samaki wengi wadogo wameponyoka kwa kupenya chini ya kamba ya wavu, kama watoto wapitao chini ya ukingo wa hema. Baadaye mataifa ya huko yakakubaliana kwamba meli za utafiti zijengwe ziwe na kelele kidogo, zisiwashtue samaki. Gharama yake haikuwa ndogo. Mwaka 2007 Wanorwe wengine wakatangaza kwamba walilinganisha meli mpya iliyotulia na meli ya zamani yenye kelele, mbele ya kundi la heringi waliokuwa wakipitisha majira ya baridi, na heringi wakashtukia zaidi ile iliyotulia! Na mwaka 2014 kundi la wataalamu, wakitumia mwangwi katika bahari kuu, walikadiria kwamba samaki wa maji ya kina cha katikati ni mara kumi au zaidi ya ilivyodhaniwa. Makadirio ya zamani yalitokana na nyavu, na samaki hao huuona wavu unakuja wakauepuka.

Siandiki haya ili kuwadhihaki wataalamu. Ni wao wenyewe waliogundua makosa ya zana zao, jambo ambalo wafanyabiashara na wanasiasa hulifanya kwa nadra. Wala tusidhani kwamba tukiwaacha wataalamu na kutegemea samaki wafikao mwaloni tutapata ukweli safi. Hesabu ya mwaloni ina tabia ya samaki ndani yake, na juu ya hiyo ina tabia ya wanadamu. Mvuvi mwenye samaki wasiotimiza kipimo hatapita mbele ya karani mwenye fomu. Atashukia kichakani usiku. Nina rafiki karani katika mwalo mmoja, ambaye kwa muda mrefu huandika kwa penseli pembeni ya fomu zake kama usiku uliopita ulikuwa wa mbalamwezi au wa giza, ijapokuwa fomu haina nafasi hiyo na hakuna mkubwa aliyemwagiza. Nilimwuliza sababu. Akajibu kwamba mkewe huuza dagaa.

Jambo hili lilipata kuingia nyumbani kwetu. Sikukuu moja tulikula pamoja, na katika meza hiyo alikuwapo shemeji yangu, ambaye ni askari na aliwahi kufanya doria ziwani, na mjomba wangu, mvuvi tangu ujana wake, mwenye mtumbwi wa kasia na nyavu chache za macho halali. Shemeji alisema samaki wameongezeka.

"Mzee," akamwambia mjomba kwa adabu, "nimewaona kwa macho yangu, sangara wakubwa wa kutosha kubebwa na watu wawili."

Mjomba akaendelea kutafuna polepole. "Mwanangu, sikatai ulichokiona. Lakini mimi jana nilitega nyavu zangu zote, nikaleta nyumbani samaki watatu. Hao wakubwa wako wanakaa wapi?"

Shemeji alisema pale penye kina kirefu, mbali na visiwa, ambako mashua zenye mashine kubwa huenda kwa siku mbili au tatu. Mjomba akasema kasia lake halifiki huko. Shemeji akasema huenda ghuba ya mjomba imeharibiwa na wavuvi wa kokoro. Mjomba akasema huenda, lakini basi asiambiwe kwamba samaki wameongezeka. Sauti zikaanza kupanda, na shangazi akaleta chai kabla ya wakati wake.

Mimi niliwaona wote wawili kuwa wakweli. Shemeji alikuwa amesimama mahali ambapo samaki hukusanyika na mashua zenye nguvu huwafuata. Mjomba alikuwa amesimama mahali pamoja miaka yote, akingoja samaki waje. Kati ya hesabu hizo mbili, ipi iaminiwe? Niliwasimulia habari za Newfoundland, nami nawasimulia ninyi pia, kwa kuwa hakuna mfano uliogharimu zaidi ya huo.

Newfoundland ni kisiwa kikubwa upande wa mashariki wa Kanada. Watu wake waliishi kwa karne nyingi kwa kuvua chewa wa bahari ya baridi, ambaye si yule chewa wa pwani ya Mombasa. Mwaka 1968, meli za mataifa mengi zikiwapo, walivuliwa zaidi ya tani 800,000. Wingi ukashuka, na mwaka 1977 Kanada ikatangaza mpaka wa maili 200 baharini, ikawafukuza wageni, na kuanza kusimamia yenyewe. Kila mwaka wataalamu walikadiria wingi wa chewa kwa kutumia meli ya utafiti na pia kwa kutazama meli kubwa za kukokota zinapata kiasi gani kwa kila saa ya kazi. Meli hizo ziliendelea kupata vizuri. Hesabu ikasema chewa wanaongezeka.

Kumbe chewa ana tabia yake. Wanapopungua hawabaki wametapakaa wachache wachache. Hujikusanya katika makundi mazito. Ni kama kambi ambayo watu wake wanahama mmoja mmoja, lakini waliobaki wote wanakaa katika bweni moja: mgeni akipelekwa katika bweni lile ataona limejaa pomoni, akaandika kwamba kambi imejaa. Meli kubwa zenye vyombo vya mwangwi zilijua kulitafuta bweni hilo. Zililifuata lilikokwenda, na kila mara zilitoka na shehena. Wakati huo huo, katika miaka ya 1980, wavuvi wadogo wa pwani, wenye mitego isiyohama na mashua za karibu, walilalamika kwamba chewa hawaji tena kama zamani, na wajao ni wadogo. Malalamiko yao hayakupewa uzito uleule. Ilionekana kwamba wao wana habari za pwani tu, na meli zina habari za bahari nzima. Baadaye ilidhihirika kwamba makadirio ya miaka ile yalikuwa makubwa kupita kiasi, na viwango vya kuvua vilipangwa juu ya makadirio hayo.

Tarehe 2 Julai 1992 serikali ya Kanada ikaufunga uvuvi huo. Watu wapatao 30,000 walipoteza kazi kwa mara moja. Vijiji vya pwani vikawa vya wazee. Vijana wakaondoka kutafuta riziki katika majimbo mengine. Ilisemwa kwamba kufungwa huko kungekuwa kwa miaka miwili.

Nilipofika hapo, shemeji alinyamaza kitambo, kisha akasema kwamba hata katika doria wao huziona mashua wanazozikamata, na zilizowatoroka hazimo katika ripoti. Nilimheshimu kwa neno hilo, maana halikuwa rahisi kusemwa mbele ya jamaa.

Mjomba aliuliza kama wale wavuvi wadogo wa pwani walirudishiwa uvuvi wao. Nikamweleza kwamba serikali iliwalipa watu fedha za kujikimu kwa miaka kadhaa, na kwamba kulikuwa na ruhusa ndogo ndogo hapa na pale. Lakini zuio lenyewe liliondolewa mwezi Juni 2024, na kiwango kilichoruhusiwa kwa mwaka ule kilikuwa tani 18,000.

Mjomba alihesabu kwa vidole tangu 1992 mpaka 2024, akafika thelathini na miwili.

"Basi," akasema, "waliokuwa na umri wangu hawakurudi majini."

Akamwomba shangazi amwongezee chai.